Gia Boksi Iliyopandishwa kwa Kifua: Maisha ya Ezra Simel, 1984–2025

Mchungaji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi nyote mliopanda hadi Olmotonyi kutusaidia kuzika, shikamooni wakubwa na poleni wote, mimi ni Abdiel, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo nitaifanya kwa hasira, maana nimejaribu namna nyingine nimeshindwa.

Ezra alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa marehemu mzee Simel na mama yetu Silantoi, ambaye ameketi mbele yenu, mimi nikiwa wa kwanza na Elihuruma wa mwisho, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, na mwaka uliofuata akaenda chuo kujifunza ufundi wa magari, ambako alifundishwa kwamba gia boksi haipandishwi bila jeki yake, na mtihani wa hilo alifaulu vizuri.

Tarehe 10 Januari 2005 aliajiriwa katika gereji ya mzee Sumari pale Sakina, na huko ndiko alikoukuta ule upuuzi, nasema upuuzi kwa sababu nimetafuta neno la heshima nikalikosa, kwamba mtu hahesabiwi fundi mpaka alale chini ya gari, apokee gia boksi kifuani, aisukume juu kwa mikono na mbavu mpaka ikae kwenye injini, huku wenzake wamechuchumaa wakimpigia makofi, na anayeomba jeki huitwa bibi harusi mpaka aache kazi mwenyewe. Jeki ipo, ilinunuliwa mwaka 2019, na siku nilipoiona kwa macho yangu walikuwa wameanika ovaroli juu yake.

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa na shemeji yetu Anyesi, wakajaliwa Anneth mwaka 2012 na Sinyati mwaka 2016, na Anyesi anajua kuliko sisi sote ni mara ngapi alimkanda kifua kwa maji ya moto, yeye akidai amelala vibaya.

Tarehe 3 Juni mwaka huu ililetwa gari ya kubebea watalii, ya otomatiki, ambayo gia boksi yake ni nzito kuliko ya kawaida, tena mbele ina konveta, lile duara lililojaa mafuta, ambalo lisipoingia mpaka mwisho pampu huvunjika, hivyo fundi lazima aitikisetikise polepole akisikiliza, na Ezra alikuwa akiitikisa juu ya kifua chake, mikono imelowa mafuta, ilipoteleza ikamvunja mbavu. Alifanyiwa upasuaji, akalazwa siku tisa, na tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Jana kwenye kikao mzee Sumari alinipa karatasi iliyokwisha kuandikwa, akaniomba kwa upole nisome kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua kwa muda mrefu, eti tusichafue jina la gereji, na sijui kilichonitia kinyaa zaidi ni karatasi ile au vichwa vya wanaume waliokuwa wakikubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Sakina na wa hapa kwa kuni, ndizi na maziwa, na akina mama wa kanisa ambao hawajamwacha Anyesi peke yake.

Mafundi wenzake nawashukuru kwa kubeba jeneza, na ningeishia hapo, lakini mwenye gari alikuwa na wageni wa kupeleka mbugani, kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kuja kuzika, mmeimalizia kazi ile, tena kwa kifua, kifua cha Elihuruma, mdogo wetu, fundi mwenzenu tangu mwaka 2016, mkimwambia ndiyo heshima ya mwisho kwa kaka yake, naye akalala palepale, nanyi nasikia mlipiga makofi, na alipofika hapa, mafuta mekundu ya gia boksi yakiwa bado yamemganda shingoni, mama yetu alimshika mbele ya jeneza akamuuliza ameumia wapi.

Ezra, pumzika kwa amani, kifua chako hakina tena cha kubeba.