Paa la Mama Mshonaji

Jana Mtumishi alimaliza mahubiri kwa kutangaza kwamba ameoteshwa mchawi wa mtaa: yule mjane mshonaji anayepakana ukuta na kanisa. Kabla ya saa sita mchana waumini walikuwa wameshang'oa mabati ya nyumba yake yote. Leo benchi letu mbele ya kinyozi limejaa mapema, na muuza kahawa hana hata muda wa kusuuza vikombe.

— Mimi sisemi kitu, — alianza Fundi Saa, ambaye akisema hivyo ujue hanyamazi mpaka adhuhuri. — Nauliza tu. Kwa nini ndoto ije wiki ileile mama alipokataa kumuuzia Mtumishi kiwanja?

— Ndoto haipangiwi siku, — Kinyozi alijibu. — Cherehani ya yule mama inalia hata umeme ukikatika.

— Ni ya kukanyaga kwa miguu.

— Hata kama.

Profesa, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani yake, alipuliza kahawa.

— Shida ni mtandao. Mbinguni wanatuma ujumbe safi kabisa, ukifika kwa Mtumishi umeshageuka hati ya kiwanja.

— Chekeni tu, — alisema Kinyozi. — Alimshonea mke wangu gauni. Miezi miwili, halipiti mabegani.

— Mkeo kanenepa, — alisema Profesa.

— Sawa. Nani kamnenepesha?

Fundi Saa akamgeukia Kinyozi.

— Wewe jana ulipanda juu?

— Nilishika ngazi tu.

— Ngazi ya nani?

— Yangu. Mtumishi alisema atakayesaidia atafutiwa dhambi za mwaka mzima.

— Kwa hiyo umefutiwa za zamani, ukaanza na mpya.

Tulikuwa bado tunacheka dada mmoja aliposimama mbele yetu, begi la safari begani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Natoka kwa mama, yule mshonaji. Nyumba haina paa, naita haitiki mtu. Na usiku mvua imenyesha. Amelala wapi?

Tulikuwa tumeshaongea saa nzima. Hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo.

— Hatujui, mwanangu, — alisema Fundi Saa, akaweka kikombe chini. — Twende tukamtafute.

Tuliinuka wote. Kinyozi alifunga duka, akatangulia, akabisha mlango wa jirani wa kwanza. Hakuna aliyejibu. Akabisha tena. Ndipo tukasikia sauti ya mama mshonaji mwenyewe kutoka ndani:

— Mnataka nini tena?

Kinyozi alirudi nyuma yetu.

— Ni mimi, mama, — alisema binti yake.

Mlango ukafunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita, akaingia yeye. Kisha tukasikia komeo.