Mkono Alioukosa Matano

Mwaka wa pili wa uhuru, barazani mbele ya cherehani ya Matano, pale Msambweni, watu walikuwa bado wanaijadili kesi ya mkono. Seifu, waliyemwita Hakimu kwa kupenda kuhukumu, alikuwa amemnyooshea Matano mkono baada ya sala ya Ijumaa, na Matano akapita zake. Seifu akatangaza barazani kwamba fundi ameingia kiburi. Matano aliapa kwamba hakuuona mkono wenyewe. Mkewe, Mwanafatuma, aliposikia kiapo hicho akamvusha feri ya Likoni mpaka kwa daktari wa macho Mombasa. Sasa Matano alikuwa na chupa ya dawa mfukoni na shukrani tele moyoni, hata kahawa ya leo akasema ni juu yake.

— Mimi sikubali, alisema Jumbe, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Fundi anatunga uzi sindanoni mara moja tu. Ana ugonjwa gani wa macho huyu?

Matano akaeleza tena, kwa upole. Mbele anaona vizuri. Pembeni ndiko kulikoliwa, taratibu, bila maumivu. Maji ya ndani ya jicho hayatoki sawasawa, basi yanasukuma, na mshipa wa kuonea unakufa kidogo kidogo. Kilichokwisha hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki, mara nne kwa siku, maisha yote.

— Ni upepo wa cherehani, Seifu akakata shauri. Gurudumu likizunguka linakupuliza jicho.

— La, ni machozi, akasema Redio. Mamake alipofariki hakulia. Machozi yalikwenda wapi? Yamo humo humo.

— Basi alie, yatoke, aachane na hizo dawa, akahukumu Seifu.

Matano alicheka, lakini maneno hayo yalimgusa. Matone yalimuuma kwenye paji la uso na kumfifizia jioni zake, na juzi alikuwa ameyaruka siku nzima. Aliogopa wepesi aliouona wa kuacha.

Adhana ya alasiri ikaanza. Matano alikuwa ameyafungamanisha matone na adhana, asisahau. Akatoa chupa, na Seifu bila kuambiwa akampokea kikombe.

— Mungu akulipe, Seifu, alisema huku amelaza kichwa nyuma. Lau ungeninyamazia siku ile, iko siku nisingekuona kabisa.

Seifu akamrudishia kikombe.

Nzai, mfugaji wa Kinango aliyekuja kushonewa suruali, alikuwa akisikiliza kutoka ukingoni mwa baraza.

— Shikamoo, fundi. Hukuumwa hata kidogo?

— Marahaba. Hata kidogo.

— Wala hukujua?

— Sikujua.

Nzai akawageukia wale wengine.

— Na nyinyi wazee wangu, mumejuaje kwamba macho yenu ni mazima?

Redio akazimika. Seifu alilifunika jicho moja kwa kiganja, akatazama barabarani, kisha akalifunika la pili.

— Matano, akauliza polepole, basi la kwanza la Likoni hupita saa ngapi?