Alteneta Iliyogombanisha Ndugu

Mbele ya lango la karakana ya gati kuna benchi la mbao ambalo halikosi watu, na watu wenyewe hawakosi la kusema. Kahawa inatoka kwenye chupa ya Mzee Nanga, baharia mstaafu, anayeimimina kwa ubahili kana kwamba ni dawa. Pembeni yake hukaa Fyuzi, fundi umeme wa majumba, anayeamini umeme ni umeme tu, uwe ukutani au majini. Wa tatu ni Rada, mlinzi wa lango, mjuzi wa habari za kila mtu isipokuwa nani kaingia na nani katoka. Asubuhi moja akaja pia Tanga, ambaye baba yake alimwachia boti ya tanga yenye injini kuukuu, yeye na mdogo wake. Alikuwa ametoka botini, uso umemshuka, na mkononi ameshika kipimo cha umeme. Kipimo hicho ni mali ya benchi. Kinatundikwa kwenye msumari langoni, mwenye shida anakichukua na kukirudisha, na hakuna anayekumbuka kililetwa na nani.

– Kimesoma ngapi? Fyuzi aliuliza.

– Kumi na sita nukta tisa, Tanga alisema. Vile vile.

Wote wakaguna. Injini ikiwaka, alteneta inatakiwa kuipa betri volti kumi na nne na kidogo. Ikifika kumi na saba kasoro, hiyo si kuchaji tena, ni kuichemsha betri mpaka ife.

Mdogo wake Tanga ndiye aliyekuwa fundi wa boti. Alifunga alteneta ya mtumba, taa ya chumbani ikaungua, wakachukua kipimo, kikasoma hivyo hivyo. Hapo hapo benchini, mbele ya hawa hawa, Tanga akamwambia mdogo wake kwamba amemfungia takataka, kwamba yeye si fundi bali ni mzigo, na kwamba marehemu baba alikosea kuwaachia chombo kimoja. Mdogo mtu hakujibu. Aliondoka, akapata kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, na simu za kaka yake hapokei mpaka leo. Alteneta yake ikang'olewa, ikafungwa nyingine. Namba haikubadilika. Mtu mwingine angejiuliza, lakini Tanga hakutaka kujiuliza. Alihitaji kosa libaki kwa mdogo wake, kwa sababu likitoka kule lingemjia yeye.

– Ni regyuleta, Fyuzi alisema. Kile kidude cha kuizuia alteneta isizidishe. Kimekufa.

– Hii ya pili imekuja na regyuleta yake ndani.

– Basi zimekufa zote mbili. Ya pili imekufa kwa mshtuko, ilipoona kazi ya yule bwana mdogo.

– Mshtuko gani, na imefungwa juzi?

– Basi ni waya. Dogo aliuchezea waya.

– Nimefuata waya mmoja mmoja kwa vidole, Tanga alisema. Uko sawa.

– Ukiuona uko sawa, ndipo alipouharibu, Rada akadakia. Fundi mwenye hila haachi alama. Mimi siku ile alivyotoka langoni nilimwangalia mgongo. Mgongo wa mtu aliyefanya jambo.

– Uliuona wewe? Siku ile si ulikuwa umelala?

– Nililala jicho moja.

Tanga alikunywa kahawa yake. Ilikuwa chungu, naye aliipenda hivyo siku hizi.

– Maji ya betri yanakauka? Mzee Nanga aliuliza.

– Hata kidogo.

– Betri zenyewe zinapata moto?

– Ni baridi tu.

– Hiyo ndiyo ya kutisha, Mzee Nanga alisema, akajimiminia. Betri inapigwa na hailii. Sikilizeni niwaambie. Maji ya chumvi yana umeme wake. Hiyo boti imelowa tangu baba yenu kijana. Imenywa umeme wa bahari mpaka imeshiba, sasa inautapika. Alteneta haihusiki kabisa.

– Sasa mzee, kama alteneta haihusiki, dogo kakosa nini? Fyuzi aliuliza.

Mzee Nanga alimtupia Tanga jicho la haraka.

– Dogo alikosa kuitazama boti, alisema. Fundi wa kweli angejua imeshiba.

– Mimi nasema ni injini, Rada alisema. Alteneta ya kwanza imeifundisha injini tabia mbaya. Sasa hata ukiiletea alteneta ya kiungwana, injini inaikimbiza vile vile. Tabia haitoki.

Hakuna aliyecheka. Tanga aliona wazi kwamba wanasema upuuzi, na kwamba wanausema kwa ajili yake, na bado alishukuru.

Wakati huo akaingia langoni mwanamke mwenye mkoba mkubwa begani. Rada hakumsimamisha. Alikuwa mke wa mdogo wake Tanga.

– Hamjambo? Shemeji, nimefuata sanduku la spana za mwenzangu. Amesema nimpelekee.

– Unakwenda lini?

– Leo. Nyumba nimeshairudisha kwa mwenyewe.

Tanga alisogea, akalivuta sanduku kutoka chini ya benchi. Lilikuwa limekaa pale tangu siku ya ugomvi, na hakuna aliyethubutu kuazima hata spana moja.

– Na kwa kuwa mna kipimo, mwanamke alisema, nipimieni hizi betri za tochi. Nimezinunua sasa hivi pale dukani, na yule muuzaji ana mchezo wa kuuza zilizolala. Sitaki kufika ugenini gizani.

Fyuzi alifurahi kupata kazi anayoiweza. Akagusisha nyaya mbili, nyekundu juu, nyeusi chini.

– Moja nukta tisa.

– Ni nzuri?

– Nzuri mno. Betri hizi ni za moja na nusu. Akapima ya pili. Moja nukta tisa. Makubwa, hata betri za tochi siku hizi zinazidisha.

Alianza kucheka, kicheko kikamwishia mdomoni. Mzee Nanga akaweka kikombe chini. Mwanamke aliinamia kipimo.

– Na hiki kipicha cha betri hapa kwenye kona ni cha nini?

– Kinaonyesha unapima betri, Rada alisema. Kipo siku zote.

– Lakini sasa hujagusa betri yoyote, na bado kipo.

Fyuzi alikigeuza kipimo, akafungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha. Betri ndogo iliyokuwa ndani ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe.

– Betri ya ndani ikichoka, alisema taratibu, hivi vipimo vya bei rahisi huwa vinasoma juu. Nilijua. Sikufikiri kama hiki nacho.

Mwanamke alimtazama kila mmoja kwa zamu yake. Hakuwa fundi, lakini kuhesabu alijua.

– Kwa hiyo mume wangu alikosa nini?

Rada alitazama lango lake. Mzee Nanga alitikisa chupa kusikiliza kama imebaki kahawa.

– Shemeji, Tanga alisema. Mwambie arudi.

– Ulimfukuza hapa, mbele ya watu. Halafu mimi nikambembeleze chumbani? Akatia betri zake kwenye mkoba. Kule botini, kabla hujamtukana, alikushika mkono, akakwambia, gusa betri kaka, ina joto? Ukauvuta mkono wako. Hilo tu ndilo analolisema usiku. Haya, tuonane tukijaliwa.

Tanga alitaka kumbebea sanduku. Mwanamke alilinyanyua mwenyewe, akaenda amelalia upande mmoja kwa uzito, na Rada akamfungulia lango lote, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mtu.

Tanga aliumia, tena vibaya, na maumivu yenyewe hayakuwa na pa kuwekwa. Mwisho Rada alikohoa.

– Ila na yeye dogo, alisema, kama alijua, mbona hakusisitiza? Mwanamume anasisitiza. Ule ulikuwa ujeuri, kunyamaza vile.

Fyuzi alimkanyaga mguu. Tanga alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe, ule uliovutwa.

– Mwache, alimwambia Fyuzi. Endelea, Rada.