Salamu ya Darasani

Shigela alijifanya amelala, maana ndani ya basi la Usagara hiyo ndiyo namna ya kistaarabu ya kusikiliza yasiyokuhusu. Kiti cha mbele alikaa mama aliyevaa sare ya chuo cha ufundi, mvi zikichungulia kwenye kilemba.

"Usomee umeme kwa umri huo?" mzee aliyekaa naye alimuuliza.

"Umeme haunisumbui, baba. Kinachonisumbua ni salamu. Mwalimu akiingia, darasa zima linasimama: shikamoo mwalimu! Na mwalimu mwenyewe ni binti, sawa na kitindamimba wangu. Mimi nasimama tu, mdomo unakataa."

"Na ukatae! Mtu mzima haamkii mtoto."

"Lakini ndiye anayenifundisha."

"Hata kama."

Shigela alitaka kuamka naye achangie, ila basi likasimama chuoni. Getini palikuwa na binti aliyeshika boksi la chaki. Alimpokea mama yule mkoba, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaweka sawa kola ya sare yake. "Haya, twende ndani, na mimi nikakuamkie."