Mtoto Aliyetangazwa Kwenye Redio Koli

Ikifika saa kumi na moja jioni, benchi la nje ya jiko la pamoja, kambi ya karavani, vile vijumba vya kuvutwa na gari, huko Yarrabee, huwa limejaa. Mwenye birika ni mzee Merv, wanamwita Breki kwa sababu kila stori yake inaishia mteremkoni, breki zimegoma. Pembeni yake hukaa Bi Colleen, yaani Ramani, aliyeizunguka Australia mara nne na bado akitoka msalani hupotea njia ya kurudi kwenye karavani yake. Halafu Stavros, Profesa, fundi bomba mstaafu, hakuna asilolijua. Jioni hiyo alikuwepo na Keryn, binti wa miaka ishirini na tatu, kikombe mkononi. Alikuja kuchota maji tu, Breki akamwambia kaa mwanangu unywe kahawa, akakaa, akanaswa. Maana yaliyokuwa yakizungumzwa yalikuwa yake.

— Mmesikia ya leo kwenye redio koli? alisema Breki. Watu na akili zao wamemsahau mtoto kule mtoni, kwa platipasi!

— Barabara nzima imesikia, alisema Ramani. Mimi chai ilinipalia.

Keryn aliinamia kahawa yake. Na yeye aliisikia, kwenye redio koli ya gari lao, ile ya madereva kuongea barabarani. Marafiki zao, Shayna na Brett, walikuwa wamekuja kutoka Melbourne kuwatembelea, wakakodi kagari, wakatoka wote kuzungukia maporomoko, magari mawili, na binti yake Winnie wa miaka minne kila kituo anahama, mara kwa mama, mara kwa anti Shayna, na walipoondoka mtoni, walikokwenda kutazama platipasi, wanyama wa majini wenye mdomo wa bata, Keryn alijua yuko kwa Shayna, Shayna alijua yuko kwa Keryn, na hakuna aliyeuliza. Dakika ishirini! Ndipo sauti ya mwanamke ikaja kwenye redio: kuna mtoto hapa, wenyewe wako wapi? Dale, mumewe, akacheka, wajinga gani hao, na Keryn naye akacheka, ndiyo, alicheka kwa sauti, mpaka yule mwanamke aliposema mtoto amevaa buti moja nyekundu na moja ya kijani.

— Walikuwa wamelewa, alisema Breki.

— Saa nne asubuhi? alisema Ramani.

— Kwani wewe kule Darwin ulianza saa ngapi?

— Niachie Darwin yangu!

Profesa alikohoa.

— Hamjui kitu nyie. Hao si wazazi. Mzazi hasahau. Hao waliiba mtoto, wakaona anakula sana, wakamtelekeza.

— Aa, Profesa! alisema Ramani. Wamefanya makusudi. Siku hizi watu wanamliza mtoto wampige picha, waweke kwenye simu, dunia nzima itazame.

— Mimi nasikia serikali inawapima wazazi kwa siri, alisema Profesa. Yule mtoto wa kukodi.

— Mtoto wa kukodi! Breki, mnyang'anye huyu kikombe.

— Iwe iwavyo, alisema Breki, kesho napiga simu ustawi wa jamii. Gari lao halitakosa aliyeliona. Wakamchukue yule mtoto kabla hawajamwacha jangwani.

— Piga. Mama wa hivyo hafai kupewa hata paka, alisema Ramani.

— Wewe mbwa wako si ulimwacha Alice Springs? alisema Profesa.

— Alinikimbia!

Wakacheka. Breki akamgusa Keryn begani.

— Na wewe una kabinti, mwanangu. Hebu waambie. Ungeweza?

— Hapana, alisema Keryn.

Neno hilo lilimtoka kabla hajafikiri, na likamwaibisha kuliko ya asubuhi.

Bibi mmoja alikuwa akipita na beseni la vyombo, Edna, aliyeegesha karavani yake mchana huohuo. Alisimama.

— Samahani, nimewasikia. Mama yake alipomrudia, mtoto alisemaje?

Ramani akamtazama Profesa. Profesa akafuta miwani.

— Hilo redioni hawakulisema, alisema Breki.

Keryn aliweka kikombe chini.

— Alisema, "Mama, sikuongea hata kidogo." Ni mimi. Mimi ndiye nilimwambia akae nyuma ya ukuta wa mbao wa kujifichia watazamaji pale mtoni, asitoe sauti, platipasi wakisikia mtu wanazama, kaa kimya mpaka mama aseme basi. Halafu nikaondoka. Nimemkuta amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Piga simu, Breki, na mimi nimecheka, nimemcheka mwanangu alipotangazwa redioni, piga tu.

Hakuna aliyegusa simu. Ramani alijikunja kwenye koti lake kama mwenye baridi.

— Na sasa anasemaje? aliuliza Edna taratibu.

— Hasemi. Tangu aseme hilo hajaongea, amekula, amechora, kimya tu. Dale anasema amechoka.

— Lakini ulishamwambia "basi"?

Keryn alimtazama yule bibi. Akakumbuka alivyombeba, alivyombusu, alivyomwomba msamaha mara mia pale mtoni, maneno yote hayo, na lile moja halikuwemo. Akainuka, akaacha ndoo yake palepale, akakimbia katikati ya karavani akiita jina la mwanawe.