Mwalimu Marcellin na Mashine Isiyobahatisha

Baada ya miaka thelathini na miwili shuleni kwetu Kasongo, Mwalimu Marcellin Kalonda anastaafu tarehe 2 Julai 2025. Alifika mwaka 1993 kwa baiskeli kutoka Nyangwe, redio tatu mbovu zikiwa zimefungwa kwenye keria. Redio hizo hazijapona hadi leo.

Vipande vyake, hata hivyo, vilipata kazi. Kwa miaka minne Mwalimu aliunda mashine ya kusoma herufi zilizochapwa. Karatasi iliwekwa juu ya kioo. Chini yake vijicho thelathini na vitano vya kuhisi mwanga vilijibu cheusi au cheupe, na majibu yakapita kwenye saketi za "na", "au" na "siyo". Yakikubaliana, taa ya herufi iliwaka. Yasipokubaliana, giza. Mashine haikubahatisha, tofauti na baadhi yetu katika baraza la walimu.

Mwaka 2009 mkaguzi alikuja kuamua kama seksio, yaani mchepuo, ya elektroniki ifungwe. Ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja tu. Ikifungwa, wangerudi nyumbani, na wazazi walikwisha kuwaonyesha majembe.

Asubuhi hiyo mwanafunzi mmoja aliona kioo kimepauka. Kwetu mgeni hapokewi na kitu kilichopauka, kwa hiyo alikipaka mafuta ya mawese mpaka kikang'aa. Pikipiki ya mkaguzi ikafika mlangoni kutoka Wamaza, na vumbi likakaa kwenye mawese kama limealikwa.

Mkaguzi aliweka A. Giza. Akaweka B. Giza. Akatoa kalamu.

Mwalimu alikinusa kioo, akawatazama wanafunzi wake, ambao wote walikuwa wakitazama miguu yao. Kisha akasema: "Makosa ni yangu, Bwana Inspekta. Mutupatie dakika kumi."

Kioo kilisafishwa kwa lutuku, pombe kali iliyopatikana ofisini upesi kuliko tulivyotarajia. Herufi ishirini na tano zilisomwa. Q ilishindikana, lakini kwa Kiswahili hakuna aliyeidai. Seksio ikabaki. Leo ina wanafunzi sitini na wanne.

Mwalimu hakuwahi kuuliza nani alipaka mawese. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na siku ile niliogopa kuliko siku yoyote maishani. Septemba nitaingia darasani mwake kufundisha.

Wenzako wote tunakuombea siha njema huko Nyangwe, na samaki wa kutosha. Nami, Mwalimu, nakushukuru kwa kutouliza.

Hidaya Amuri, mwalimu wa elektroniki