Chembe ya Dawa kwa Kila Nguruwe

Ndugu zangu, nawasalimu kwa kuuinua mkono huu wa kulia. Utazameni vizuri, maana nusura nije kwenu bila huo.

Wazee wenzangu mnaikumbuka Usoke ya miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Kipande cha reli kikigongwa alfajiri, tunatoka na majembe. Jirani akikuamkia "Mwangaluka!" unaitika kabla hujamwona, umande bado uko miguuni. Mimi nilikabidhiwa banda la nguruwe la kijiji. Niliwapenda, siwafichi. Hadi leo nikisikia harufu ya pumba zilizolowekwa, moyo unarudi pale.

Siku moja vitoto vitatu vya nguruwe vikaanza kuhara. Bwana mifugo akaniletea kopo la dawa ya unga. "Mama, wanaougua tu. Kijiko kizima, siku tano." Wakapona, na dawa ikabaki. Kwenye kikao nikasimama: sukari tunagawana, chumvi tunagawana, iweje dawa wale watatu tu, wengine watazame? Kila nguruwe apate chembe yake, mzima na mgonjwa, kila siku! Watu wakapiga makofi, nami kuanzia kesho yake nikawa nawagawia. Jamani, tulikuwa na mioyo mizuri!

Masika kuhara kukarudi. Nikatia kijiko kizima, wakafa. Nikatia viwili, wakafa. Nikiwa namtoa jike mgonjwa, akaning'ata hapa kiganjani. Mkono ukavimba, ukawaka moto. Zahanati wakanipa vidonge vya jamii ya dawa ileile, havikufanya kitu. Garimoshi likanifikisha Tabora mjini, na daktari hakunificha: "Uvimbe ukipita kiwiko, tunakata."

Nawaambia, niliutazama mkono huu kama mtu anayeagana na ndugu yake. Nitalima na nini? Nitampakata mwanangu na nini?

Bwana mifugo akanifuata wodini. "Mama, ile dawa uliwapaje?"

Nikamweleza, tena kwa fahari, pamoja na homa yangu. Akashika kichwa.

"Mama wee! Ukimchapa mwizi kwa bua la mtama kila siku, hafi, anazoea. Vijidudu vya banda lako vimezoea dawa, vikazaana, na sasa vimo mkononi mwako."

Akaondoka mbio kumwambia daktari. Wakaacha dawa ile, wakanichoma sindano za aina nyingine. Siku ya nne nikakunja kidole hiki. Nesi akacheka: "Kunja tena, bibie, nione kama hunidanganyi!" Nikakunja, nikalia.

Namshukuru bwana mifugo yule, na nesi, na majirani waliopalilia shamba langu bila kuombwa. Natamani kijiji kile kirudi, na kugawana kwake kote. Lakini dawa, ndugu zangu, apewe mgonjwa, tena apewe kamili, mzima aachwe. Mkono huu ndio uliogawa zile chembe. Leo nauinua kusema: nilikosea kwa upendo, na upendo ukanirudishia mkono wangu.